Kupita Miwani

Jumapili, sokoni Kibuye, nilipiga magoti mbele ya turubai
kama mtu anayetubu,
kumbe nachagua miwani.

Jicho la kulia lilikuwa bado jekundu.
Alhamisi jioni, karibu na ziwa,
usubi ulipanda kama moshi wa jiko lisilo na mwenyewe
nikauingia na pikipiki, kinywa wazi, macho wazi.
Muuguzi Jeruto aligeuza kope kwa kijiti cha pamba,
akatoa mdudu mmoja, akanionyesha:
"Huyu ndiye aliyekutupa mtaroni?"
Mdogo kuliko nukta.
Nje, vifaranga mia mbili wa siku moja
walilia maboksini kama manyunyu juu ya bati.

Achola, mwenye turubai, hana haraka ya kuuza.
"Unapita wapi?" aliuliza, kabla ya bei.
Mamboleo, nikasema, Miwani, Chemelil,
kisha napanda Nandi Hills na vifaranga vya watu.
Alicheka mpaka akashika goti:
"Mwaka wa ngapi huu unapita Miwani bila miwani?"

Akanipa cheusi.
Kizuri saa saba, jua la Kano likipiga lami,
lakini ingia kivuli cha miwa nacho
na mchana wenyewe unakuwa handaki.
Akanipa kile cha rangi saba, kama mgongo wa nzi wa kijani,
wanachokipenda vijana wa Kondele.
Ndani yake nilijiona mimi tu, mara mbili.
Cheupe, cha usiku, kilikuwa kimechoka,
kimekwaruzwa na vumbi la mwenye nacho wa kwanza.

Chini kabisa, kwenye gunia, ilikuwepo hii:
mkanda mpana, sponji nene, kioo cha manjano,
vioo viwili kwa kweli, na hewa katikati.
"Hewa hiyo ndiyo kazi," alisema. "Pumzi yako
haipati pa kukaa."
Kwenye mkanda, maandishi ya watu wa baridi
na picha ya chombo kama pikipiki, hakina magurudumu,
kinapasua theluji.

Theluji mimi nimeiona wapi?
Labda siku ile ya mvua ya mawe juu ya majani chai,
mlima mzima ukawa mweupe kama unga,
wachumaji wakasimama, vikapu mgongoni,
mikono machoni.
Sikujua mpaka siku hiyo
kwamba weupe nao ni giza.

Nilikipulizia pumzi. Kikakataa ukungu.
Nilibana sponji shavuni, nikatazama mwisho wa soko:
manjano hukusanya mwanga uliobaki
kama mama Ahero akiokota mpunga uliomwagika, punje kwa punje.
Kona ya kushoto palikuwa na mkwaruzo.
Achola hakuuficha. "Utauzoea, kama ufa wa ukuta wako."
Mia nane. Tukaachana kwa mia sita na hamsini.

Usiku mama aliipapasa mezani, akaivaa.
Mtoto wa jicho amemkalia macho yote mawili,
mtoto asiyekua wala kuhama.
"Mukhwana," akaita, "kumekucha?"
Ilikuwa saa mbili na nusu, taa ya sola inakaribia kuzima.
Sikumjibu mapema.
Alikaa nayo usoni mpaka taarifa ya habari ikaisha,
amegeuzia uso ukuta, anatabasamu.

Jumatatu, kwenye kona ya tatu baada ya Chemelil,
ukungu ulishuka mlimani ukaketi barabarani.
Nikaona jiwe. Nikaona ng'ombe na kamba yake.
Kisha, mbali kuliko nilivyozoea kuona,
mkia wa trekta la miwa, halina taa,
miwa miwili mitatu ikiburura chini.

Nikapunguza gia.
Kwenye mkwaruzo kulikuwa bado na mafuta ya paji la mama.
Nilikuwa nimefuta kioo chote, isipokuwa hapo.