Weusi Wetu Ulitembea

Bukuru, umeme ulikatika saa tisa usiku.
Nilikimbia na kandambili mguu mmoja
kuwasha jenereta, pampu zisilale,
wasife hawa wadogo
niliowatoa mdomoni mwa mama yao.

Ndiyo, mdomoni. Samaki wa majabali ya Katonga
hubeba mayai kinywani mwezi mzima, hali,
njaa na watoto wamepanga chumba kimoja.
Mimi nikamfungua taya kwa kidole.
Akayatema kumi na moja,
ya njano, mazito, kama mawese yako yakiganda.
Usiniulize kama nililala.

Siku ya sita nikachungulia kwenye hadubini.
Mwili ungali maji ya mchele,
macho tu ndiyo yameiva.
Kisha mgongoni, penye mshono,
nukta moja nyeusi ikajitokeza,
ikanyoosha vidole,
ikaanza kushuka.

Haichorwi, dada. Inatembea.

Nyuma yake nyingine, na nyingine,
halafu za njano,
halafu zile za vioo, zisizo na rangi yake,
zinazoazima mwanga na kuurudisha.
Nyeusi ikiguswa na ya njano hukwepa.
Ikikuta nyeusi mwenzake hujibana, humwachia nafasi.
Mlia ndio huo:
ugomvi uliotulia.

Nilidhani jeni ni kama karatasi ya fundi cherehani,
kata hapa, shona pale, vazi likatoka.
Daktari Misago akacheka, akafuta ubao.
Hizo ni sheria za mtaa, alisema,
nani ahamie wapi, nani asijenge karibu na nani.
Mtaa wenyewe hujijenga.
Ndiyo maana ndugu wa kinywa kimoja,
mmoja mlia wake wa tatu umekatika,
mwingine umepinda kama barabara ya Kalinzi.

Hapo nikakuwaza.

Wewe na mimi, yai moja, herufi zilezile.
Doa lilianza kwenye kidole chako cha pete,
dogo, kama tone la maziwa usilolifuta.
Mbalanga, akasema shangazi, akashusha sauti.
Mganga wa Kasulu alidai mbuzi.
Mbuzi akaliwa, doa likavuka kifundo.
Mumeo akanunua sahani yake peke yake.
Na sasa unapima mawese soko la Mwanga
umevaa glavu za jua kali, jasho linakuchuruzika,
wateja wanadhani ni usafi.

Mimi weusi wangu upo wote.
Kuna siku nanawa mikono bila kuitazama.

Nimesoma, Bukuru: weusi wa watu nao hutoka mgongoni.
Kabla hatujaitwa majina,
tumekunjana gizani kwa mama,
nukta zako na zangu zilishuka usiku mmoja,
bega, kiwiko, kifundo,
hadi ncha za vidole,
safari ndefu kuliko ya meli ya Mpulungu.
Za kwako zilifika. Hilo nataka ulijue.
Zilifika, zikakaa miaka thelathini na mbili.
Ni askari wa mwili, anasema Daktari,
siku moja waliwaona wenyeji wakadhani ni wageni.
Kwa nini kwako, si kwangu?
Akavua miwani, akaipangusa, akavaa tena.

Njoo Jumamosi, walinzi nitawaambia.
Kuna mmoja sijamwandika kwenye daftari,
namba saba. Weusi wake uliishia ubavuni,
mkia mzima haukuupata.
Anakula kuliko wote. Jana kamfukuza namba mbili
mpaka nyuma ya jiwe.

Glavu ziache kwenye meza ya nyumbani.
Na lita mbili za mawese, usisahau,
yangu yamekwisha tangu Jumatatu.