Waya au Dawa

Spana namba kumi na nne iliniponyoka
saa moja na robo, Igogo, chini ya sinki la Mama Bhoke,
ikagonga saruji. Nikaitazama tu.
Mkono wa kushoto ulikuwa wa mtu mwingine
aliyeniazima bila kuniambia atautaka lini.

Minza, binti yangu, mshika tochi wangu,
aliutazama mdomo ulivyoshuka upande
kama kamba ya nguo yenye jinzi iliyolowa.
Kwanza akafunga maji. Kisha akaita bodaboda mbili:
moja yangu, nimefungwa kwa khanga mgongoni mwa dereva,
mtoto wa miaka hamsini na nane,
moja yake, nyuma, akipiga kelele tupishwe,
hadi juu, kwenye mawe na hospitali.

"Sema: Barabara ya Makongoro."
Nikasema.
Daktari Kokushubila akainamia karatasi.
"Hiyo usiiandike," Minza akamwambia,
"hiyo *r* haikupotea leo. Baba ni Msukuma wa Magu,
kwake ni *balabala* tangu azaliwe.
Andika mdomo. Andika mkono."
Nikacheka. Nusu ya uso wangu ilicheka.

Kisha picha ya kichwa changu kwenye kioo:
mto, matawi ya mto, na mahali pamoja
tawi linaingia halionekani likitoka.
Hilo nalijua. Miaka thelathini nakutana nalo
kwenye mabomba yanayoteremka mawe ya Mabatini:
nywele, mafuta ya sangara, vipande vya sabuni
vimekumbatiana penye wembamba, vimekataa kuachana.

"Njia ni mbili," akasema,
maneno niliyowaambia wenye masinki wote wa mji huu.
Waya mwembamba: unaingilia pajani,
unapanda, unapita jirani na moyo, unanasa donge, unarudi nalo.
Au dawa: damu inalainishwa isizidi kuganda,
na tunangoja ijitafutie njia.

Shemeji Luhende alitaka waya.
"Kitu kimeziba, si kitolewe? Nikione kwenye sahani!"
Wateja wote hutaka waya.
Wanapenda uchafu uwe umelala ndooni, unanuka,
ndipo mkono uende mfukoni.
Nani alipie kungoja?

Lakini mimi nimewahi kupasua bomba.
Pasiansi, nyumba ya mwalimu mstaafu.
Maji yalikuwa yanapita, polepole, lakini yanapita;
nikaona polepole ni aibu yangu mimi.
Nikasukuma waya. Chuma cha zamani,
kutu ndiyo iliyokuwa imekishikilia.
Ukuta ulilia siku tatu.

Daktari hakuujua ule ukuta.
Alisema tu: kingekuwa kiharusi kikubwa,
mguu umelala, hunisikii,
nisingekuuliza, ningekuwa nakimbia na kitanda.
Chako ni chepesi. Kwa chepesi
waya haujaonyesha kwamba unaishinda dawa,
na wapo waliovuja damu.
"Una hakika?" Minza akamuuliza.
"Sina. Nitapita kila saa nimwambie anyanyue mkono.
Ukianguka, tunabadili njia."

Niliipenda ile *sina*.
Mafundi wengi hawana neno hilo kwenye begi.

Basi, dawa.
Luhende akatoka nje bila kuaga.
Usiku nikayahesabu matone ya dripu, kwa mazoea:
tone moja kwa sekunde, ndoo moja kwa siku tano,
hasara ndogo ambayo mwenye nyumba haisikii.
Dirishani taa za wavuvi wa dagaa. Nikajaribu kuzihesabu
kwa vidole vya kushoto, nikaishia mbili.

"Nyanyua."
Nikanyanyua. Ukashuka kidogo, ukasita,
ukabaki hewani kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani.
"Nyanyua."
Saa kumi alfajiri kidole gumba kiligusa cha shahada.
Cha pete, bado.
Minza amelala ameketi, mdomo wazi,
na mapajani mwake, imefutwa saruji, spana yangu.
Sijui aliirudia saa ngapi.