Dakika Kumi na Nne

Tuko kumi na mmoja, meza ni ya watu sita.
Theluji ya Machi imeng'ang'ania ngazi za nyuma,
hapa Cleveland, nyumbani kwa Bibi,
nasi tunaizungumzia Julai
kama watu wanaogombea paja la paa
aliye bado porini.

Kompyuta imepewa nafasi kati ya supu na mkate wa jozi.
Kupanga nimetwishwa mimi, Rezka.
Kosa langu: niliwahi kuandaa harusi
ambayo hakulia mtu.

Mjomba Lojze anataka Vienna, kwa ajili ya keki.
Mkewe anataka Venisi, kwa kuwa jirani alikwenda.
Mapacha wa Tončka hawautambui mji wowote
usio na bwawa la kuogelea.
Ferdo hali ngano, halali kwenye treni,
wala hapandi ndege inayotua usiku.
Shangazi Vida anauliza kama Praha ina lifti.
Praha nzima? nauliza.
Praha nzima, anajibu.

Penye wengi pana mengi.
Yuko anayekoroma, yuko atakayelipa mwisho wa mwezi,
mwezi wenyewe hakuutaja.
Wako madada wawili wasiosemezana
tangu mazishi ya baba yao, kisa saa ya ukutani,
na hoteli ya Ljubljana imebakiwa
na vyumba vinavyotazamana mlango kwa mlango.

Nimepaka visanduku rangi:
kijani, kumelipwa;
njano, kunasubiriwa;
nyekundu, Ferdo.

Bibi Nežka hajatia neno.
Anamenya tufaha, ganda linateremka
refu, jembamba, halikatiki.
Na wewe, Bibi, ungependa wapi?
Popote mtakaponibeba, anasema,
mimi ni sanduku lenye miguu.
Wanacheka. Anawaacha wacheke.

Kisha anavaa miwani, anainama,
anashuka na orodha yangu mstari kwa mstari
mpaka kwenye mmoja nisioupaka rangi,
maana si mahali, ni pa kubadilishia treni tu:
Pivka. Dakika kumi na nne.

Hapa, anasema,
na kidole kinaacha maji ya tufaha kwenye kioo.
Hapa tutafanya nini?

Tutavuka, Bibi. Kutoka jukwaa hili hadi lile.
Tena mbio, na masanduku.

Nilisimama hapo usiku kucha, anasema,
nina miaka kumi na minane,
nimevaa soksi za dada yangu.
Nilimwambia nitamrudishia.

Lojze anakohoa. Mama, Pivka hakuna kitu.

Najua, anasema Bibi. Hata wakati ule hakukuwa na kitu.
Anakata tufaha vipande kumi na kimoja,
vingine vyembamba kama kucha,
na mkewe Lojze anarudi Venisi, alipoishia.

Usiku, wameondoka wote, naosha vyombo.
Juu ya bomba la joto, pembeni ya dirisha,
naona jozi ya soksi za sufu, za kijivu.
Nilidhani zimeanikwa.
Nazigusa: kavu, mpya,
uzi wa duka ungali umezifunga pamoja.

Nakaa chini na mikono yangu yenye povu.
Treni inayofuata inaondoka saa nne baadaye, na dakika ishirini.
Tiketi kumi na moja za Venisi zinakufa papo hapo,
fedha hairudi, imeandikwa kwa herufi ndogo.
Mipango si matumizi, alikuwa akisema marehemu babu,
ambaye hakupanga wala hakutumia.
Nabonyeza.
Kisanduku kinaniuliza rangi.
Nakiacha kilivyo.

Asubuhi Ferdo ananipigia simu kabla sijapiga mswaki.
Saa nne nzima Pivka! Kuna nini huko? Kuna mgahawa?

Kuna benchi, namwambia.

Ananyamaza kidogo, nasikia kijiko kikizunguka kikombeni.
Lina kivuli?

Njoo na kofia, Ferdo.