Hasi Tatu Nukta Moja

Miaka ishirini na tisa nilikaa mbele ya mkanda,
kiwandani, Moshi mjini, nikichambua kahawa.
Punje nzito ilibaki. Hafifu ilipeperushwa na mashine
ikaangukia gunia la daraja la mwisho,
na sikuwahi kuionea huruma.

Leo nimelala chali chini ya mkono wa chuma.
Unapita juu ya nyonga yangu polepole
kama mtu asomaye barua asiyoipenda,
kisha binti mwenye koti jeupe ananipa karatasi:
hasi tatu nukta moja.
Nikamwambia, mwanangu, hasi ni deni. Nani ananidai?
Akacheka, halafu akaacha kucheka.

Ulianza mkungu wa ndizi.
Hata sikuanguka. Niliuinua tu, kihambani Uru,
kitu kikalia mgongoni, ta!
kama kijiti kikavu cha mbuni.
Wiki tatu nikasema ni baridi ya Julai.
Gauni la kanisani likaanza kufagia sakafu,
nikamgombeza fundi.

Daktari Kiwelu akanipangia dawa mezani.
Kidonge cha kila wiki: alfajiri, tumbo tupu,
glasi nzima ya maji, kisha ukae wima nusu saa,
huinami, hulali, huonji hata chai.
Na vidonda vya tumbo, nikamuuliza,
hivi nilivyovilea tangu enzi za foleni ya sukari?
Akakisogeza kando.
Dripu, mara moja kwa mwaka;
huenda ukapata homa siku mbili tatu, itapita.
Sindano ya kila miezi sita, nzuri,
ila ukiiruka, mifupa hurudi ilikotoka, tena mbio.
Ipo na kalamu ya kujichoma kila siku,
hiyo hujenga mfupa mpya.
Alipotaja bei nikatazama dirishani.
Mlima ulikuwa umejifunika.

Wifi yangu Aikaruwa ana ya kwake:
supu ya kongoro, jioni, ndimu kidogo.
Mfupa huponywa na mfupa, anasema.
Ninainywa. Ni tamu.
Daktari hakunikataza, ila hakuiandika popote.
Ndeenengo anapiga simu kutoka Dodoma:
Mama, chukua sindano, nitalipa mimi.
Namjua mwanangu. Atalipa ya kwanza, atalipa ya pili,
ya tatu nitakuwa nimekaa na simu mapajani,
siku zinahesabika,
na mifupa nayo inahesabu.

Usiku nachambua.
Kiganja kinapita juu ya shuka gizani:
hii hapana, hii labda, hii irudishe.
Kazi niliyoijua kuliko sala
imenishinda, kwa kuwa punje ni mimi.
Nikakumbuka lile gunia la mwisho.
Nalo lilishonwa mdomo, likapimwa, likauzwa.
Zile nzito zilipanda meli.
Hafifu ndizo tulizokunywa sisi, miaka yote,
tukaamka nazo, tukaenda kazini.

Jumatatu nikarudi nikasema: dripu.
Mara moja kwa mwaka naimudu.
Kikoba chetu huvunjwa Desemba,
na beberu ninaye mmoja, mkorofi, hatalilia mtu.
Daktari akaandika, kisha akasema: mama, fungua mdomo.

Kumbe kwanza meno.
Jino bovu ling'olewe, kidonda kipone kabisa,
ndipo dripu.
Gego hili lilivunjwa na kokoto kwenye maharage
siku tuliyoanua matanga ya baba Ndeenengo.
Nimelitunza miaka kumi na moja, upande wa kushoto,
natafunia kulia.
Sikumwambia mtu kwa nini.

Benchi la meno ni refu na halina egemeo.
Nyumbani nimekunja mkeka wa mlangoni,
nimenunua taa ya chooni, viatu vya mpira visivyoteleza.
Mtoto ananitazama nyayo.

Namba kumi na saba!
Nasimama nilivyofundishwa:
miguu ikanyage kwanza, mgongo usipinde,
mikono isukume mapaja.
Inachukua muda.
Muuguzi anaita tena, kumi na saba,
nami namjibu, nipo, mwanangu, nakuja,
usiite kumi na nane.