Daftari la Mawingu

Alikuja Septemba, tuseme ukweli,
mwezi ambao hata Rungwe huvua kofia ya wingu
ikatuonyesha kipara.
Edson, shati jeupe, viatu havijalijua tope letu,
akasimama uani, akanyoosha kidole juu:
"Mama Subilaga, yule pale anakupikia bure."
Nikacheka. Nikamkaribisha maziwa mgando.

Kishikwambi chake kilikuwa na grafu,
vijiti vya njano vimekaza shingo kama askari wa gwaride.
Saa tano za jua, alisema, kila siku, mwaka mzima.
Sikumuuliza: mwaka mzima wa wapi?
Chini ya ukurasa wa nne, kwa herufi za kunguni,
palikuwa na jibu: *takwimu za Dodoma*.

Taa sita, redio, friji ndogo ya maziwa.
Miezi thelathini na sita.
Nikaweka dole gumba, mimi niliyemaliza darasa la saba,
kwa kuwa alisema kalamu inachelewesha.

Kisha Novemba.
Ninyi wa mbali hamuijui mvua ya Tukuyu:
hainyeshi, inahamia.
Inakuja na godoro lake.
Migomba inashangilia, chai inashangilia,
na juu ya bati langu paneli mbili
zinakodoa kama macho ya samaki wa juzi.
Saa mbili usiku taa zinakonyeza,
saa mbili na nusu zimeaga.
Maziwa ya Jumanne yanachacha Jumatano
ndani ya friji yenye joto la kwapa.
Simu inalia: *Lipa leo, mfumo usifungwe.*
Nikalipa giza. Desemba, Januari, Februari,
nikalipa giza, nikapewa risiti.

Nikampigia Edson.
"Vuta subira, mama, betri bado inajifunza."
Inajifunza nini? Kulala?

"Wajinga ndio waliwao," alisema shemeji,
huku akimenya ndizi yangu.

Usiku ule nilichukua daftari la mjukuu,
lililobaki kurasa nyingi nyuma ya hesabu za kutoa,
nikaandika kwa mwanga wa kibatari:
*Machi 3. Ukungu hadi saa saba. Taa dakika ishirini.*
*Machi 4. Mvua. Hakuna.*
*Machi 5. Hakuna.*
*Machi 6. Jua lilichungulia, likaona haya.*

Lwitiko, msaidizi wa sheria pale kata,
alilisoma lote, akalamba kidole, akarudia.
"Usiache kulipa kimya kimya," alisema,
"utageuzwa mdaiwa sugu.
Andika barua kwanza, wape siku kumi na nne.
Wakinyamaza, ipo tume ya kulinda walaji, ipo mahakama.
Na ahadi ya mdomo ni ahadi. Nani alisikia?"
Nikamkumbuka Tumpe, aliyekuja kuomba chumvi
akakaa saa nzima kwa ajili ya grafu.

Barua haikujibiwa. Siku ya kesi
wakili wao alishuka kutoka Mbeya na koti zito,
akasema mteja alisoma, akaelewa, akatia dole.
Hakimu akaomba kielelezo.
Umeme wa mahakamani ulikuwa umekatika.
Akasogeza kiti dirishani, ukungu umebana kioo,
akalisogeza daftari puani, akasoma kwa shida,
akainua uso akamtazama wakili:
"Hizo saa tano, leo ziko wapi?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka,
nilikuwa nahesabu nauli.
Shauri limeahirishwa hadi Juni kumi na mbili,
Edson aitwe, aje na kishikwambi chake.

Nimerudi nyumbani na viatu mkononi.
Ng'ombe hawajui habari za mahakama, nimekamua.
Sijui kama nitashinda.
Nimewasha kibatari, nimefungua ukurasa mpya:
*Mei 21. Jua, dakika arobaini, alasiri.*
Nimeliandika nalo.
Sitaki kulisingizia jua.