Utabiri wa Hali ya Hewa, Ghazni

Saa kumi na nusu alasiri hapa Borås,
na jua limekwishafunga duka.
Kule ni saa mbili kamili ya usiku.
Hiyo nusu saa inamkera mama mwaka wa tisa sasa:
nchi zinazoheshimiana, anasema,
hutengana kwa saa nzima nzima.

Kompyuta hukaa juu ya meza ya kupigia pasi,
maana ndipo waya unapofika.
Kwanza huja tangazo la bima ya paka:
Kiswidi chepesi, paka mnene, hana deni na mtu.
Mama hulitazama kwa adabu,
kama asubiriye mgeni wa watu amalize chai yake.
Kisha kiduara.
Kinazunguka, kinazunguka,
punda wa kinu kisicho na ngano.

Habari huziacha zipite, kama mtu anavyopisha gari la taka.
Msomaji amefunikwa hadi chini ya macho;
mama humtambua kwa nyusi.
"Ni yule yule wa zamani. Amekonda."
Nyusi hukondaje, sijui,
na siulizi.

Anachongoja ni hali ya hewa.
Kabul, nyuzi nne chini ya sifuri.
Jalalabad, mvua.
Ghazni, kumi na moja chini, theluji hadi alfajiri.
Hapo huitafuta miwani, ingawa ameivaa,
akaitafuta na simu.

Paa la Khala Shirinjan ni bapa, la udongo.
Theluji isipoondolewa kabla haijayeyuka
udongo huinywa,
na siku moja paa hushuka kuketi nawe.
Lakini Khala hajui kama theluji inakuja:
umeme hamna tangu Jumanne,
runinga yake imefunikwa kitambaa cha kutarizi,
imelazwa kama maiti wa heshima.
Kwa hiyo habari za Ghazni hutoka Kabul,
hupita sijui chini ya bahari zipi,
huja hadi kwenye meza yetu ya pasi,
ndipo hurudi Ghazni kwa kinywa cha mama:
"Dada, tayarisha koleo."

Baada ya hapo ni tamthilia.
Mama hutazama na kusimulia, simu begani,
nani kaingia, nani kavaa nini,
mama mkwe kakunja uso namna gani.
Jana Yamin, kijana wa muuza makomamanga,
alipigwa risasi darajani. Tulimwona wote.
Kamera ilikaa juu ya kiatu chake muda mrefu,
kisha picha ikaganda, kiatu kikagandia hapo hapo,
na mama akasema ndani ya simu, bila kumeza mate:
"Amevuka. Amefika ng'ambo. Anafuta vumbi suruali."

Nilab, mwanangu, ana miaka saba na hajui kunyamaza:
"Bibi, si amekufa?"
Mama akaziba simu kwa kiganja.
"Theluji inawatosha."

Ng'ambo ya pili ya waya Khala alicheka,
kisha zikasikika hatua za ngazi,
pumzi,
halafu koleo likikwaruza. Ana miaka sabini na mbili.
Alikuwa amepanda na simu, ndani ya shali,
asipitwe na kisa.
Nje kwetu gari la manispaa lilipita na taa yake ya manjano,
likasukuma theluji ya mtaa mzima mara moja,
hakuna aliyetoka kulitazama.

Leo nafunga viatu vya kazi, zamu ya usiku,
bohari la nguo, njia ya kumi na nne, masanduku ya soksi.
Mama amekaa mbele ya paka mnene,
anakuna kidevu.
Leo, kwenye skrini, Yamin atazikwa.
"Nipe kazi," ananiambia,
"kazi anayoweza kufanya mtu
aliyefika mahali asipojulikana."

Namwambia: bohari.
Anafikiri. Anaipima.
"Analipwa vizuri?"
Si vibaya, nasema. Ila husimama sana.
"Basi," anasema, akibonyeza namba za Ghazni,
"nitamtafutia kiti."