Jasho la Kifuniko

Kila asubuhi, kuku hawajafunguliwa,
Tose, mama yake babu, alipakua mabakuli matano.
Waliokaa kula ni wanne.
La tano lilikuwa la Kumaji, mwanawe,
likielekezwa kule redio ilikosema
kwamba jeshi la Manchuria limeweka silaha chini.
Baada ya hapo redio haikusema tena.

Alingoja wenzake wamalize.
Kisha alifunua, akakipindua kifuniko,
akakisoma kama mtu asomaye barua:
yakiwepo matone, mwanangu yu hai.
Kikiwa kikavu...
hapo hakumalizia, wala hakuulizwa.

Miaka minne kifuniko kilitoka jasho.
(Supu ya moto hutoa mvuke; shule nimesoma.
Naye alijua. Tuendelee.)

Shangazi Kinue ndiye aliyenisimulia,
akimenya figili, bila kuniangalia.
Kipupwe cha tatu theluji ilifika darini,
kuni zikawa za kuhesabu,
supu ikaletwa vuguvugu, kisha ikasahauliwa.
Kinue, miaka sita, nyuma ya mlango wa karatasi,
alimwona bibi yake akifunua.
Kikavu. Kikavu kama kiganja.
Bibi akageuka, akatazama huku na huku,
akachovya vidole ndooni,
akanyunyiza matone matatu, akaongeza la nne,
akafunika.
Ndipo akaita nyumba nzima:
"Njooni mwone! Kumaji yu hai!"

"Mama akalia kwa furaha," alisema shangazi.
"Nami nikalia, ili nifanane nao."
Akachukua figili nyingine.

Babu alirudi mwaka wa arobaini na tisa.
Meli ilimshusha Maizuru na koti lisilo lake
na kijiko alichokifua kwa kipande cha bomba.
Siberia hakuisimulia.
Ukimuuliza miti ya kule, alisema, "Mirefu."
Ukimuuliza baridi, alisema, "Ilikuwepo."

Ila asubuhi ile ya kwanza,
mabakuli matano kwa watu watano,
Tose akitetemeka mkono kwa hesabu iliyotimia,
babu aliinuka, akaenda kabatini,
akaleta la sita.
"La Wasaburo," alisema.
Hapakuwa na aliyemjua Wasaburo.
Babu akampakulia, akafunika, akakaa.
Kile kifuniko hakukipindua siku hiyo
wala siku nyingine yoyote hadi alipokufa.
Supu ilipoa; kuku ndio walioinywa.

Mimi naishi Osaka, ghorofa ya nane,
gesi haikatiki, wala sisubiri mtu.
Bakuli la sita limenifikia likiwa na ufa,
na rangi imebanduka pale dole gumba lilipokaa.
Nani alikuwa Wasaburo? Alikuwa na mama?
Huyo mama naye, kwenye kijiji gani,
alichovya vidole vyake mara ngapi?

Leo nimeliosha, bakuli na kifuniko chake.
Nimekikung'uta.
Sikukifuta.